Alitusifu, Kisha Akahesabu Makaburi

Wananchi, zipo sifa ambazo nchi hupewa na wageni, na mzalendo akizisikia kifua humpanuka. Moja ya sifa hizo ilichapishwa Marekani mwaka 2004. Aliyeiandika ni mtaalamu wa uchumi, Edward Miguel, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Bwana huyu alizitazama wilaya mbili, moja ya Kenya na moja ya kwetu: Busia na Meatu. Wilaya zote mbili ni za wakulima, zote ni maskini, zote zilipata kutawaliwa na Mwingereza, na katika zote makabila yamechanganyika. Akauliza swali la kimwalimu kabisa: je, watu wa makabila mbalimbali waweza kuchanga fedha wakajenga shule moja?

Kule Busia aliona kwamba mahali palipochanganyika makabila zaidi, michango ya shule ilipungua. Meatu hakuuona upungufu huo; watu walijenga pamoja bila kuulizana kabila. Alipotafuta sababu, aliikuta katika siasa iliyofuatwa na nchi yetu baada ya Uhuru: lugha moja ya Kiswahili, masomo yanayofundisha taifa, machifu kuondolewa katika utawala, na serikali za vijiji zenye viongozi waliochaguliwa na wanavijiji wenyewe. Hayo twayajua. Wazee wetu waliyafanya kwa jasho, na wengine kwa kutukanwa. Basi sifa ile ni halali yetu, na hatuna haja ya kuinamisha macho tunapoipokea.

Lakini mwaka 2005 bwana yule yule, kutokana na utafiti alioufanya katika wilaya ile ile ya Meatu, alichapisha makala nyingine katika jarida kubwa la wachumi. Hiyo hatujapata kuisikia ikisomwa kwenye semina ya viongozi. Inahusu mauaji ya vikongwe wanaoitwa wachawi. Sisi twasema aliyeipokea barua ya kwanza kwa furaha hana budi kuifungua na ya pili.

Meatu si mbali nasi. Ukitoka Dodoma ukapita Manyoni na Singida, ukashika njia ya Mkalama, ukivuka Mto Sibiti umekwisha fika. Zamani za utafiti huo Meatu ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Tangu 2012 ni wilaya ya mkoa wa Simiyu. Wao na sisi wa uwanda huu wa kati twatazama mawingu yale yale, na mawingu yakikataa, twakosa chakula pamoja.

Yafaa kwanza msomaji amjue mtu huyu, maana wapo watakaosema, "Mchumi na mauaji wapi na wapi? Kazi ya mchumi si bei ya pamba?" Miguel alipata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2000, akaanza kufundisha Berkeley mwaka huo huo. Wengi wanamtaja kwa kazi ya dawa za minyoo kwa watoto wa shule kule Busia, aliyoifanya pamoja na Michael Kremer, ambaye baadaye, mwaka 2019, alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameitumia kuuliza kwa nini watu huvunja sheria, huibiana na kuuana. Mwaka 2004, yeye na wenzake wawili walitazama mvua na vita katika nchi 41 za Afrika kati ya 1981 na 1999. Wakaona kwamba uchumi wa nchi ukiporomoka kwa asilimia 5, hatari ya vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka unaofuata huongezeka kwa kiasi cha nusu. Mwaka 2008, pamoja na Raymond Fisman, alitoa kitabu kizima juu ya majambazi wa uchumi, wakubwa na wadogo.

Kazi yake moja inachekesha, nasi tutaisimulia kwa kuwa ina somo. Mji wa New York ndio makao ya Umoja wa Mataifa, na mabalozi wa dunia nzima wana magari huko. Kwa miaka mingi balozi akiegesha gari mahali palipokatazwa, polisi walimwandikia faini, naye hakuilipa, kwa sababu sheria ya kimataifa ilimkinga. Miguel na Fisman wakazichukua karatasi hizo za faini za kati ya 1997 na 2002, zaidi ya 150,000, wakazipanga kwa nchi. Mabalozi wa nchi nyingine, kama Sweden, Norway na Japani, hawakudaiwa hata senti moja ingawa hakuna aliyeweza kuwafanya kitu. Wengine, hasa wanaotoka katika nchi zilizozoea rushwa, waliegesha walivyopenda. Kuwait ndiyo iliyoongoza. Halafu, mwishoni mwa 2002, mji ulipata nguvu ya kuzibana balozi zenye deni, na deni hilo likakatwa katika misaada ya Marekani kwa nchi husika. Makosa yakaanguka kwa asilimia kama 98. Yaani mabwana wakubwa waliosoma sheria zote walijifunza kuegesha gari pindi walipoguswa mfukoni.

Mawazo ya namna hii yalianzishwa na mchumi mwingine wa Marekani, Gary Becker, aliyeandika mwaka 1968 kwamba mhalifu hupiga hesabu kama mfanyabiashara: nitapata nini, nafasi ya kukamatwa ni kiasi gani, na nikikamatwa adhabu ni ipi. Ongeza polisi, ongeza adhabu, na wizi utapungua. Kwa magari ya New York hesabu hiyo ni sawa. Kwa Meatu haikutosha.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu mwenye akili, mtoto akianza kufanya vibaya, hamchapi kwanza. Hufungua daftari la mahudhurio, akaona ni siku gani hakuja, kisha akauliza siku hizo nyumbani kulikuwa na nini. Miguel aliifungulia Meatu daftari. Alipata habari za vijiji 67 kwa muda wa miaka 11, zilizotolewa na viongozi wa vijiji wenyewe: mwaka gani mvua ilikatika, mwaka gani mafuriko yaliharibu mashamba, mwaka gani maradhi yaliingia, na kila mwaka nani aliuawa na kwa sababu gani. Kisha akaweka ukurasa wa mvua kando ya ukurasa wa vifo.

Alichokiona ni hiki. Katika mwaka wa ukame mkali au mafuriko, mauaji ya "wachawi" yalikuwa mara mbili ya mauaji ya mwaka wa kawaida. Mauaji mengine, ya ugomvi na ya wizi, hayakuongezeka. Waliouawa kwa jina la uchawi karibu wote walikuwa wanawake, wengi wao wazee, kutoka nyumba maskini. Na kwa kawaida aliyeua hakuwa mgeni. Alikuwa ndugu, mtu wa nyumba ile ile. Katika vijiji hivyo karibu nusu ya mauaji yote yaliyohesabiwa yalikuwa ya namna hii.

Wananchi, tusipite hapa haraka. Kijiji kile kile ambacho Msukuma na asiye Msukuma waliketi baraza moja wakachanga matofali ya shule, ndicho ambamo kijana alimwendea mama yake mkubwa kwa panga usiku kwa sababu mahindi yalikauka. Umoja tulioujenga ulifika mpaka mlango wa nyumba, ukasimama hapo. Ndani ya nyumba, kwenye chungu, kila mtu alikuwa peke yake.

Wapo watakaojibu kwamba hiyo ni imani tu, watu wa kale waliamini mchawi huzuia mvua, elimu ikienea itakwisha. Miguel aliliwaza jibu hilo pia, na ndiyo sababu aliuliza habari za maradhi. Kama jambo lingekuwa imani peke yake, basi ugonjwa ukivamia kijiji vikongwe wangeuawa zaidi, maana maradhi ndiyo jambo la kwanza ambalo mchawi husingiziwa. Lakini miaka ya maradhi haikuleta ongezeko hilo. Lilikuja njaa ilipokuja. Hivyo akaona kwamba uchawi ndio jina linalotumika, na sababu ni kwamba mkono usiolima umeonekana mzigo pale unga ulipobaki kibaba. Macho mekundu, ambayo ati ni dalili ya uchawi, bibi huyapata kwa kupikia watu hao hao miaka arobaini katika moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe.

Twapenda kusema pia kwamba Miguel hakuwa wa kwanza. Miaka ya nyuma Simeon Mesaki, wa Chuo Kikuu chetu cha Dar es Salaam, aliandika juu ya mauaji haya ya Usukumani, na mwaka 1994 kazi yake ilikuwa imekwisha chapishwa kitabuni. Mwenyeji alisema kwanza. Mgeni alikuja na kalamu ya hesabu akaongeza. Lakini sote tulisubiri mpaka jambo lichapishwe kwa Kiingereza ng'ambo, na hata hapo tukachagua kurasa za kusoma.

Na serikali, je, ilikaa kimya? Haikukaa kimya. Tazama historia ya uwanda wetu wenyewe. Miaka ya 1946 na 1947 Singida ilikumbwa na mauaji ya watu-simba, maiti zikikutwa zimeraruliwa ili ionekane ni mnyama. Mwingereza alikuja na askari, akakamata, akashitaki, akanyonga. Alikwisha kuwa na Sheria ya Uchawi tangu 1928, sheria inayomruhusu mkuu wa wilaya kumhamisha mtu anayeshukiwa uchawi akakae pengine. Yaani bibi asiye na kosa ndiye anayefungasha mkeka. Kwa nini watu waliuana, Mwingereza hakuwa na haja ya kujua sana. Shida yake ilikuwa utulivu na kodi.

Sisi tulipojitawala tulitumia nguvu vilevile. Mwaka 1976 askari walitumwa Mwanza na Shinyanga kuyakomesha mauaji. Watu wengi wakakamatwa, wakateswa, na wengine wakafia mikononi mwa wale waliotumwa kuwalinda wananchi. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakumgusa mtu kwa mkono wake, kwa kuwa walio chini yake walitenda ubaya huo. Jambo hilo lilimpa heshima kubwa, na mwaka 1985 akawa Rais wetu. Heshima hiyo alistahili. Lakini vikongwe waliendelea kufa. Yeye alijiuzulu, na mauaji hayakujiuzulu pamoja naye.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wenyewe wa pande za Kahama na Nzega wakaanzisha sungusungu. Walichoshwa na wizi wa ng'ombe na polisi wasiofika. Wakachukua pinde na mishale, wakapiga yowe, na wezi wakakimbia. Serikali na Chama vikawaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likatunga sheria ya kuwatambua. Hatutawadharau sungusungu, mfugaji aliyerudishiwa ng'ombe wake atatucheka tukiwadharau. Lakini mahali pengine, hasa mwanzoni, upinde ule ule wa kumfukuza mwizi uligeuzwa kumwelekea kikongwe aliyetajwa na mganga. Ulinzi wa jirani ni mzuri mradi jirani hana njaa na wewe si mzigo wake.

Hapo hesabu ya Becker inavunjika. Mwizi wa ng'ombe hupima faida na hatari. Mwongezee hatari, ataacha. Lakini nyumba inayogawa kibaba cha mwisho cha mtama kwa midomo minane hufikiri juu ya kesho asubuhi, na jela iko mbali sana na kesho asubuhi. Tena nani atashitaki, ikiwa muuaji na mashahidi na waliofiwa ni ukoo mmoja? Polisi huitwa kuja kupima urefu wa jeraha.

Sasa, hatumkubalii mtaalamu huyu yote. Ugogo umeijua njaa kuliko pengi. Wazee wetu walihesabu miaka kwa majina ya njaa, na kubwa kuliko zote ni Mtunya, iliyoikumba nchi hii kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Mjerumani na ya Mwingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakatika. Watu walikufa njiani wakitafuta mizizi. Hata hivyo, habari za kuuawa kwa vikongwe zikiandikwa siku zetu hizi, majina yanayorudi mara nyingi ni Shinyanga, Mwanza, Tabora, Geita na Simiyu, kuliko Dodoma. Kama njaa peke yake ingekuwa muuaji, Dodoma ingetangulia. Basi yapo mengine: nani anarithi shamba na ng'ombe, bibi mjane anakaa kwa nani, mganga wa ramli ana nguvu gani kijijini. Mambo hayo hayaonekani katika daftari la mvua. Tunalisema hili bila kuringa, kwa kuwa hata huku kwetu tumekwisha sikia mkutanoni mtu akimtaja bibi wa jirani kwa sauti ya chini, mwaka wa uwele mbaya.

Lakini katika jambo moja yuko sawa kabisa, nalo ndilo tunalotaka lifike Bungeni, maana Bunge liko hapa hapa Dodoma, na wizara pia sasa ziko hapa, Mtumba. Miguel alisema: mfanye kikongwe awe mwenye kitu. Alitaja mfano wa kaskazini ya Afrika Kusini, mkoa unaoitwa leo Limpopo, ambako mauaji ya wachawi yalikuwa mengi, na yakapungua sana pensheni ya wazee ilipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bibi anayepokea fedha kila mwezi ndiye anayenunua chumvi, sabuni na daftari la mjukuu. Nyumba inayomtegemea itamfunika blanketi usiku.

Wala hatuna haja ya kwenda Afrika Kusini. Ndugu zetu wa Zanzibar, tangu Aprili 2016, walianza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumwuliza kama alipata kuajiriwa serikalini au alikuwa mvuvi tu. Bara tulitunga Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na maneno yake ni mazuri. Twayo pia TASAF, ambayo huzipa fedha kaya maskini. Lakini TASAF huandika kaya, na mkuu wa kaya mara nyingi ni yule yule kijana anayeona kwamba bibi amezidi. Fedha iliyoandikwa kwa jina la bibi ni kitu kingine.

Tutaulizwa: fedha itatoka wapi? Swali hilo ni la haki, na mwenye kuuliza tunamheshimu. Nasi twauliza: ni askari wangapi wangetosha kulala kwenye mlango wa kila kikongwe katika vijiji vyetu, mwaka ambao mvua imekataa? Hesabu hiyo haiwezekani hata ukiwa na jeshi la Marekani. Shilingi 20,000 kwa mwezi yawezekana kuhesabiwa, kupangwa, kuanzia na wenye miaka 80 kama hazina ni nyembamba, na kushuka chini taratibu.

Na mpaka siku hiyo ifike, yako ya kufanya yasiyongoja bajeti. Maghala ya chakula ya Taifa yako Kizota, twayaona kila tupitapo. Mwaka wa njaa mahindi yakitolewa kwa bei nafuu au bure, kamati ya kijiji huandika majina, na jina rahisi kusahauliwa ni la mjane mzee asiye na mtoto wa kumsemea. Sisi wa matawi ndio tunaoketi katika mikutano hiyo. Sisi ndio tunaoijua nyumba ya nani haijatoa moshi tangu juzi.

Mvua za huku huanza Desemba, na miezi mibaya ni Januari na Februari, shamba likiwa limepandwa na ghala likiwa tupu. Kabla ya hapo matawi yatakuwa na mikutano yake ya kawaida. Twaomba kila katibu wa tawi, Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Manyoni na kwingineko, alete daftari lenye kurasa mbili: ukurasa mmoja wa hali ya mvua na akiba ya chakula kijijini, na mwingine wa wazee wote wanaoishi peke yao au kwa ndugu wa mbali. Balozi wa nyumba kumi aanze mzunguko wake kwenye nyumba hizo, aingie mpaka jikoni, afunue chungu. Majina ya wazee waliopita miaka 70 yahesabiwe, na jumla iletwe wilayani, ili mbunge akiulizwa Bungeni wazee hao ni wangapi awe na jibu mfukoni.